Ngata ya Kijani

Siku Teresia alipovaa nguo ya mtu asiyemjua kwa mara ya kwanza maishani mwake, ni mvua iliyomlazimisha, wala si tamaa. Tamaa ilikuja baadaye, polepole, ikajikalisha moyoni kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

Ilikuwa siku ya mnada pale Kilosa. Yeye na jirani yake Mwamvua walitoka Masanze asubuhi na mapema, kila mmoja na ndoo yake ya choroko. Waliuza, wakanunua chumvi na sabuni ya mche, na walipokuwa wakitafuta usafiri wa kurudi, mvua ikawashukia bila hata kupiga hodi. Walikimbilia kibanda cha kwanza kilichokuwa mbele yao: turubai la bluu juu ya miti minne, na chini yake lundo la mitumba lililofika kifuani. Teresia alikuwa amelowa chapachapa, meno yanagongana, na miaka sitini na mitano si umri wa kuchezea baridi.

"Mama Editha, ukinifia hapa huyo Editha wako nitamjibu nini?" alisema Mwamvua. Akachomoa sweta zito la kahawia kutoka kwenye lundo, akamvisha mwenzake kabla hajapinga, kama mtu anavyomvisha mtoto.

"Mwamvua! Hiyo si nguo ya kafa Ulaya hiyo?"

"Ulaya ipi? Hiki kijiji chetu cha njia ya Mikumi? Huko mwezi huu hata msiba sijausikia."

Mwenye kibanda, Mwinshehe, mwanaume wa makamo mwenye tumbo la kushiba, alicheka mpaka akakohoa. "Shikamooni, mama zangu. Msiwe na wasiwasi. Wenye nguo hizi hawajafa, wamenenepa tu. Hazikuwaingia tena."

"Marahaba, mwanangu," Teresia alijibu, akijikunyata. "Mvua ikikatika nalivua."

Mvua haikuwa na haraka. Teresia aliingiza vidole ndani ya sweta kutafuta joto, na vidole vikakutana na kitu. Kwapani palikuwa pamewahi kutatuka, na mtu akapashona kwa mkono. Vishono vidogo vidogo vilivyofuatana kama siafu, uzi wa rangi ileile ya sweta, na mwisho wa kazi fundo limefichwa lisimkwaruze mvaaji.

Mshono Teresia aliujua. Shule yake ilikuwa fupi, darasa la nne hakulimaliza, lakini katika miaka hiyo michache masista wa misheni walimwachia kitu kimoja ambacho hakukisahau, nacho ni sindano. Akapapasa pale kwapani tena na tena. Aliyeshona hapa hakuwa anakimbilia popote. Alikaa chini, akatafuta uzi unaofanana, akamshonea mtu aliyempenda. Na mtu hakushonei kwapa la sweta ili ukafe.

"Unatafuta kunguni?" Mwamvua akamuuliza.

"Natafuta joto."

Mvua ikakatika. Sweta halikuvuliwa.

Tangu siku hiyo, kila mnada ulimkuta Teresia chini ya lile turubai. Mara ya kwanza alisema anapita tu kusalimia. Mara ya pili alisema anatafuta kitambaa cha kufunikia unga. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikunja kitenge chake magotini, akaketi juu ya belo la nguo ambalo halijafunguliwa, akaanza kuchambua.

Hakutaka zile za kung'aa zenye maandishi kifuani. Alitaka za kizamani, zilizoshonwa na watu waliokuwa na muda: sketi ya sufu yenye bitana, koti ambalo kola yake imepigwa mshono mara mbili, blauzi yenye vifungo vya mti. Kabla hajaitazama nguo kwa nje, aliigeuza kwanza ndani, akaifuata mishono yake kwa kidole gumba kama mtu anayesoma barua.

"Mama wa kizamani kafika!" Mwinshehe alikuwa akitangaza kwa wateja wote. "Ninyi mnaniuliza bei, mwenzenu ananiuliza bitana. Jifunzeni!" Na akawa anamwekea kando, ndani ya mfuko wa sandarusi, kila cha zamani kilichotoka kwenye belo.

Nyumbani Teresia alizifua kwa maji ya moto mara mbili, akazianika nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mabua, si kwenye kamba ya uani ambako watu wanapita. Zikikauka alizikunja na kuzipanga katika pipa la mahindi, na juu yake akatandika gunia. Mchana, watu wakiwa shambani, alifunga mlango, akavaa lile koti lenye kola, akaketi kitandani na mikono yake magotini. Basi. Kioo kikubwa hakuwa nacho. Alikuwa anasikiliza tu jinsi lilivyomkaa.

"Mama Editha," Mwamvua alimwambia siku moja, "nguo umenunua kwa jasho lako. Mbona unazificha kama mtu anayeficha gongo?"

"Sijazizoea bado."

"Hujazizoea, na pipa limejaa!"

Teresia alicheka, lakini kicheko hakikushuka chini ya shingo. Hakuwa anamficha Mwamvua. Hakuwa anawaficha watu wa Masanze, ambao nusu yao walivaa mitumba toka walipozaliwa. Alikuwa anamficha mtu mmoja tu, naye hata hakuwa anaishi pale. Alikuwa anamficha Editha.

Mwaka wa tisini na tano surua ilimchukua Samweli, kitinda mimba wake, akiwa na miaka sita. Siku ya kuanua tanga nguo za mtoto zilifuliwa, zikakunjwa, na mzee wa ukoo akaikabidhi kila nguo mkononi mwa mtu wake kwa maneno haya: aliyekuwa akivaa hii ametangulia, sasa vaa wewe. Kaptula ya shule ilikwenda kwa mtoto wa dada yake Teresia. Shati lilikwenda kwa mtoto wa shemeji. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Nguo ya aliyekufa haiokotwi, inakabidhiwa. Isipokabidhiwa, mwenyewe huifuata.

Basi mitumba ilipojaa minadani, na watu kwa utani wakaiita kafa Ulaya, Teresia hakuuona utani. Aliyachukua maneno kama yalivyo. Wafu wote hao, aliwaza, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akazikabidhi nguo zao. Mtu anaokota kwenye lundo, anakwenda nazo nyumbani kwenye watoto! Yeye alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja.

Mtoto huyo alikuwa anamaliza darasa la saba mwaka uliofuata. Kwa miezi miwili, kila Jumamosi, na Jumapili baada ya misa, Editha alikwenda kupalilia mpunga wa watu. Kisha siku moja alirudi kutoka Kilosa anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Akafungua gazeti, na ndani ya gazeti lilikuwemo gauni. La kijani kama jani la maharage, kola nyeupe ya mviringo, vifungo mgongoni.

"La mahafali, mama."

Teresia hakumfokea. Hilo ndilo lililomtafuna mpaka uzeeni. Angefoka, pengine mtoto angelia, wangegombana, likaisha. Watu wote walimjua kwa upole wake na subira yake, na siku ile aliutumia huohuo upole. "Zuri kweli, mwanangu," alisema. "Lete nikuwekee mpaka siku yenyewe, panya wasije wakalitafuna." Na Editha akampa kwa mikono miwili.

Kesho yake, mtoto akiwa shuleni, Teresia alichukua mkasi. Kulichoma aliogopa moshi wake. Kulitupa aliogopa mtu asije akaliokota. Likikatwa, aliwaza, si nguo tena, na mwenyewe hata akija hatalitambua. Akalikata vipande virefu vyembamba. Hata wakati anakata vidole vyake viliona kuwa kitambaa ni kizuri, kizito, cha kudumu, ndiyo maana moyo ulikataa kipotee bure. Akavisokota vile vipande, akaviviringa duara, akavifunika kwa kipande cha khanga kuukuu. Ikawa ngata ya kuchotea maji.

Wiki moja kabla ya mahafali walikwenda mtoni pamoja. Editha alipoinua ngata aiweke kichwani, khanga ikafunguka upande mmoja, na kijani kikachungulia. Mtoto akakitazama. Teresia, aliyekuwa nyuma yake ameshika ndoo, alimwona akikitazama. Akangoja kilio. Akangoja kuulizwa, maana jibu alikuwa nalo tayari mdomoni, la wafu na la Samweli. Editha akaifunika khanga vizuri, akaibana ncha yake ndani, akaiweka kichwani.

"Mama, nitwike," akasema.

Na Teresia akamtwika.

Siku ya mahafali Editha alivaa sare. Hakuuliza, hakuulizwa. Miaka ishirini na tisa ikapita juu ya jambo hilo. Editha akaolewa, akaachika, akahamia Mikumi kufua na kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni, akamsomesha binti yake Lightness mpaka bweni. Na katika miaka yote hiyo hakuvaa mtumba hata siku moja, kwa sababu mama alikataza. Kila Teresia alipofunga mlango wake na kuvaa lile koti, alikumbuka hilo, na bado alivaa.

Pengine angeendelea hivyo mpaka anazikwa, pipa lake na siri yake, kama si belo moja la mwezi wa saba.

Mwinshehe alilikata kamba, nguo zikafumuka kama kuku waliofunguliwa tengani, na Teresia akaona kijani. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Kola nyeupe ya mviringo. Vifungo mgongoni. Aligeuza ndani, akageuza nje. Halikuwa lile, lisingeweza kuwa lile, lakini kama kulikuwa na kiwanda mahali fulani kilichoshona magauni mapacha, basi hili lilikuwa pacha wake.

"Mama, hilo la mtoto," Mwinshehe alisema. "Kwako halipiti hata mkono."

"Najua."

"La mjukuu?"

"La binti yangu."

"Ana miaka mingapi nikuangalizie kipimo?"

"Kumi na minne," Teresia alisema. Akaishika kola. "Alikuwa na kumi na minne."

Mwinshehe alimtazama, akaona macho yake, akaacha utani. Alilikunja gauni mwenyewe, akalitia kwenye mfuko. Hata chenji alimrudishia kimya kimya.

Wiki hiyohiyo Teresia alifunga safari ya Mikumi. Alibeba unga, karanga, na jogoo mmoja. Chini kabisa ya kikapu, ndani ya khanga mpya, alilaza gauni. Mwilini alivaa ile blauzi nyeupe yenye vifungo vya mti, iliyotariziwa maua madogo kifuani kwa mkono, nguo aliyoipenda kuliko zote pipani. Alijiambia ameivaa ili impe ujasiri. Lebo ya shingoni alishaitoa kwa wembe zamani. Njia nzima alipanga maneno. Nitafika, nitasalimia, nitasema. Walipopita kijiji cha Ulaya alikuwa ameyapanga mara tatu.

Editha alikaa nyuma ya barabara kuu, chumba kimoja na ukumbi mdogo, malori ya Zambia yakipita na kutikisa vikombe kabatini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda wewe."

"Sijakonda, ni pasi inanikausha. Ingia, ingia. Huyo jogoo mshike vizuri, nyani wa hapa hawaoni aibu. Jana wamepita na foronya ya mgeni, wameiweka juu ya mti kama bendera."

Walicheka. Teresia akatazama kikapu. Nitasema nikila, alijiambia. Wakala. Nikipumzika, alijiambia. Akapumzika. Siku ikaisha, na ya pili ikaanza.

Asubuhi ya pili Editha alijiandaa kwenda kazini akiwa amejifunika khanga mbili mabegani, maana Mikumi mwezi wa saba asubuhi yake inauma.

"Huna hata sweta?" Teresia aliuliza, na hapohapo akatamani aumeze ulimi wake.

"Lililofumwa lilishachakaa, na jipya ni ghali. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliacha koti chumbani, zuri, zito. Mwenzangu Yusta akaniambia chukua wewe, unakohoa kila asubuhi. Nikamwambia nguo za watu mimi siziingizi ndani kwangu. Mama yangu hakunilea hivyo." Alisema kwa kujivuna kidogo, akimtazama mama yake kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema.

"Umefanya vizuri," alisema Teresia.

Alijisikia akisema. Editha alipotoka, alibaki ameketi kwenye mkeka, mkono wake umeshika vifungo vya blauzi, na nafsi yake ikimsuta waziwazi kama mtu mwingine aliyekaa naye chumbani. Mwanao anakohoa. Pipa lako lina makoti mawili.

Editha alirudi alasiri, akavua viatu, akaketi karibu na mama yake. Sasa ndipo akaitazama ile blauzi vizuri.

"Mama, hii kakushonea nani?"

"Fundi. Pale Kilosa."

"Fundi gani huyo? Jamani, anajua kazi! Mpaka maua ameyatarizi kwa mkono. Hebu vua, nimpelekee fundi wa hapa jirani achukue mfano, na mimi anishonee."

"Usijisumbue, mwanangu."

"Sijisumbui. Jifunge khanga, narudi sasa hivi."

Afanyeje? Teresia akajifunga khanga, akaivua blauzi, akampa. Alimpa kwa mikono miwili.

Sasa kazi ilishamzoeza Editha jambo moja. Nguo ya mgeni ikifika mkononi mwake, kabla ya kuiloweka, hugeuza mshono wa ubavuni kutafuta kile kilebo kidogo chenye michoro ya ndoo na pasi, kinachosema maji ya moto au baridi, pasi ipite au isipite. Alifanya hivyo hata sasa, bila kufikiri. Na kilebo kilikuwepo. Teresia alishakiona mara nyingi, akadhani ni kitambaa tu alichoweka fundi wa huko kuimarisha mshono, akakiacha.

Editha alikisoma upande mmoja, akakigeuza, akausoma wa pili. Lori likapita. Vikombe vikatikisika, vikatulia.

"Mama. Hii ni mtumba."

Teresia alitazama chini.

"Umedanganywa? Huyo fundi kakuuzia mtumba akasema kashona yeye?" Sauti ya Editha ilianza kupanda kwa hasira ya kumtetea. "Nitamfuata hukohuko Kilosa, haki ya Mungu. Mama mzima hivi anamvalisha…"

"Hakuna fundi," Teresia alisema. Mlango huo aliofunguliwa na mwanawe, wa kutoka akiwa amedanganywa, aliuona, na safari hii hakuupita. "Niliichagua mwenyewe. Na si hii peke yake. Nina pipa zima nyumbani."

"Pipa la nini?"

"La mahindi. Makoti mawili, sweta, sketi ya sufu. Nazipenda, Editha. Sijui nikuambieje. Nikiamka, ndizo ninazoziwaza."

Editha aliiweka blauzi juu ya magoti yake. "Na wafu? Si ulikuwa unasema kila siku, hakuna aliyezikabidhi? Sasa nani kaja kukukabidhi?"

"Hakuna."

"Basi kimebadilika nini?"

Teresia alitafuta jibu kubwa la kutosha miaka ile yote, akalikosa. "Mvua ilininyeshea," alisema. "Mwamvua akanivisha sweta."

Editha alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Mvua. Kumbe miaka yote hii mimi nilikuwa nangoja mvua."

"Nililikata gauni lako."

"Najua."

"Najua unajua. Nilikuona, siku ile mtoni."

"Na mimi nilikuona umeniona," alisema Editha.

Nje muuza maji alikuwa anasukuma mkokoteni, madumu yakigongana.

"Nilingoja uniulize," Teresia alisema hatimaye.

"Nilingoja uniambie. Kila ukiniambia lete ngata, nilikuwa nasema leo ataniambia. Mwisho nikajiambia, mama ana sababu, mama ana uchungu wa Samweli, acha. Nikakuamini. Bora kukuamini kuliko kukuchukia." Alijipangusa uso kwa mkono wa blauzi, akagundua ameshika nini, akaishusha. "Lightness aliniomba sweta la mtumba la kwenda nalo bweni. Nilimpiga, mama. Kwa ajili ya maneno yako nilimpiga mtoto."

Hilo Teresia hakulijua. Lilimwingia mahali ambapo hata la mtoni halikufika.

"Nilikosea," alisema. "Nilikudanganya kwa upole, nikakosea, halafu nikanyamaza, na kunyamaza nako kukawa kosa jingine kila siku. Na mwaka huu wote nimezivaa kwa siri nikijua wewe huvai. Sina la kujitetea."

Alivuta kikapu, akatoa khanga, akaikunjua. Akaliinua gauni na kuliweka mikononi mwa binti yake, kila nguo mkononi mwa mtu wake, kama mzee wa ukoo alivyofanya mwaka ule. Maneno ya siku ile hakuyasema. Hakuna aliyekuwa ametangulia. Aliyelitaka gauni alikuwa hapo, mzima, ana miaka arobaini na mitatu, na mabega hayangeingia tena.

Editha alilishika muda mrefu. Aligusa kola. Aligeuza mgongoni akahesabu vifungo. Kisha mikono yake ikateremka mbele, kulia na kushoto, ikitafuta kitu, ikarudi, ikatafuta tena.

"Mifuko iko wapi?"

"Mifuko?"

"Lilikuwa na mifuko miwili hapa mbele. Ndiyo maana nililichagua. Kulikuwa na jingine jekundu, zuri kuliko hili, lakini halikuwa na mifuko. Sikuwahi kuwa na nguo yenye mifuko, mama. Hata sare haikuwa nayo. Nilitaka nisimame siku ya mahafali nimetia mikono mfukoni kama walimu."

Teresia aliitafuta mifuko hiyo kichwani mwake. Alikuta kola. Alikuta vifungo, alikuta rangi, alikuta hata gazeti lililolifungia. Mifuko hakuikuta. Alilikata lile gauni kwa mkono wake mwenyewe, kipande baada ya kipande. Lazima mifuko ilipita katikati ya mkasi, na hakuiona. Miaka ishirini na tisa alijidai anakumbuka alichomfanyia mwanawe, kumbe hata hicho hakukijua chote.

"Lightness anaweza kulivaa," alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

"Lightness nitamtafutia sweta lake," alisema Editha. "Hili ni langu."

Teresia aliinuka, magoti yakilia. "Una mkasi?"

"Wa nini?"

"Na sindano. Na uzi mweupe."

Editha alimtazama, kisha akaleta. Teresia aliketi karibu na mlango kwenye mwanga, akaichukua ile blauzi nyeupe, akailaza mapajani. Kitambaa chake kilikuwa kizito, cha kudumu. Mtu mahali fulani alikuwa amekaa siku nyingi akiyatarizi yale maua. Aliyapapasa mara moja.

"Mama, usiikate," alisema Editha. "Kitambaa cheupe hakikosekani. Nina hata kipande cha shuka."

"Shuka la watu?"

"Langu."

"Hapana," Teresia alisema.

Akangoja kidogo, mkasi umefunguka, ili kama binti yake anataka kumzuia mara ya pili amzuie. Editha hakumzuia. Alisogea akakaa mbele yake, mikono imekumbatia magoti, akatazama mkasi ukiingia kwenye pindo, ukipanda, ukipita ubavuni kwenye kile kilebo kidogo, ukifika kwenye maua ya kwanza. Alitazama mpaka mwisho, wala hakuondoa macho. Teresia alikata taratibu, na safari hii alitazama kila alichokikata.

Vilipotoka vipande viwili vilivyolingana, kila kimoja na maua yake, alilitandaza gauni sakafuni na kumega kipande cha sabuni ya mche atilie alama.

"Simama, nionyeshe."

Editha alisimama. Aliliinua gauni, akalibandika kifuani juu ya nguo zake, likamfika juu ya magoti tu, akaweka viganja vyake viwili mbele.

"Hapa?" Teresia aliuliza.

"Chini kidogo. Hapo. Na iwe na kina, mama. Mkono ulikuwa unaingia mpaka hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wake, palipo na kovu jekundu la pasi.

Teresia akapima kwa vidole, akatia alama. Kisha akatunga uzi. Ulimkataa mara mbili, macho yake si ya zamani, na Editha hakumsaidia, na yeye hakuomba asaidiwe. Mara ya tatu ukapita. Akapiga fundo, akalificha upande wa ndani lisije likamkwaruza mtu, akaanza kushona.